Kwa anayeanza hatimkato ya mahakama Marekani

Mwandishi wa hatimkato huandika kwa mashine maalumu kila neno linalosemwa mahakamani. Kazi ipo. Waandishi wengi walio kazini wanakaribia kustaafu, shule nyingi za fani hii zimefungwa, na mahakama kadhaa zinahangaika kujaza nafasi. Kinachomzuia mwanafunzi ni kasi, na hapo ndipo wengi huishia njiani.

Cheti kinachofungua milango ni RPR (mwandishi mtaalamu aliyesajiliwa) cha NCRA, chama cha kitaifa cha waandishi wa mahakama. Kuna mtihani wa maarifa, kisha mitihani mitatu ya kuandika, kila mmoja dakika tano: hotuba ya kawaida kwa maneno 180 kwa dakika, maelekezo ya jaji kwa juri (raia wanaoamua kesi) kwa 200, na maswali na majibu ya shahidi kwa 225. Usahihi unaotakiwa ni asilimia 95. Mtihani wa 200 una maneno 1,000, hivyo makosa 50 ndiyo mwisho. Baadhi ya majimbo yana leseni zao; uliza masharti ya jimbo lako kabla ya kulipa ada ya shule.

Mashine ina vibonye 22. Mkono wa kushoto unaandika konsonanti za mwanzo wa silabi, vidole gumba irabu, mkono wa kulia konsonanti za mwisho, vyote vikibonyezwa pamoja kwa pigo moja. Vibonye havitoshi herufi zote, kwa hiyo upande wa kushoto D ni T na K pamoja, B ni P na W, N ni T, P na H kwa pamoja. Programu huchukua kila pigo, hulitafuta katika kamusi yako, yaani orodha ya mapigo na maneno yake, na kuleta neno. Pigo lisilo safi huleta neno jingine kabisa au takataka, nawe ndiye utakayeisafisha usiku.

Ndiyo maana kukimbilia kasi kwa vidole vichafu ni hasara. Jizoeze kidogo juu ya kasi yako, kisha rudi chini uandike kwa usafi. Ukipoteza neno, liache na umfuate msemaji; ukilikumbatia utapoteza sentensi nzima. Vifupisho pia usivirundike: usichokikumbuka papo hapo kinakuchelewesha kuliko kuandika neno zima. Tarakimu na majina ya dawa yapewe muda wake kila siku, maana mashahidi wataalamu hawapunguzi mwendo.

Mwajiriwa wa mahakama ana mshahara, na mara nyingi hulipwa zaidi kwa kurasa za mwenendo wa kesi zinazoagizwa kwa ajili ya rufaa. Wa kujitegemea huandika mahojiano ya kiapo katika ofisi za mawakili na kulipwa kwa ukurasa. Kesi ikimalizwa kwa maelewano, siku hiyo inaweza kupotea. Manukuu ya papo kwa papo kwa viziwi ni njia ya tatu, nzuri sana kwa mwenye maandishi safi, kwa sababu hakuna muda wa kusahihisha.

Msemaji wa Kiswahili ajihadhari na jambo moja. Shahidi akisema Kiswahili kupitia mkalimani, kinachoingia kwenye kumbukumbu ni Kiingereza cha mkalimani. Hata ukisikia kakosea, usirekebishe. Kupinga tafsiri ni kazi ya mawakili. Lakini watu wakisema kwa pamoja, wasimamishe mara moja, kwa adabu na kwa sauti. Shahidi akitikisa kichwa tu, mwombe ajibu kwa maneno.