Croque-madame ni ile yenye yai
Kuna wanaodhani tofauti ya croque-monsieur na croque-madame, hizi sandwichi mbili za moto, ni aina ya jibini. Hapana, ni yai tu. Zote ni za Ufaransa, mkate, hemu na jibini ya Gruyère au Emmental, juu unamwagia sosi nzito ya maziwa, siagi na unga wa ngano halafu unaiweka kwenye oveni mpaka ianze kutoa mapovu na madoa ya kahawia, sasa ukiiwekea yai la kukaanga juu, kiini bado laini, ndo madame. Nimefanya kazi jikoni mgahawa wa Kifaransa, ilikuwa inatoka kila mchana. Ila hemu ni nguruwe jamani, asiyekula aulize kabla ya kuagiza, nyumbani weka uyoga, inakubali kabisa.