Vikundi rika vya vijana wenye maradhi ya kudumu: maswali yenu

Tulianza na vijana 14, kikao cha tatu wakaja watano. Shida nini? (Mratibu, Pasua, Moshi)

Kabla ya kuwalaumu vijana, angalieni siku na nauli. Anayetoka Rombo hawezi kuja kliniki Jumanne, kisha arudi Jumamosi kwa ajili ya kikao. Kikao kiwe siku ya kliniki yake, wakati anasubiri daktari au dawa, na nauli apewe mkononi siku hiyohiyo. Wa bweni wapangieni likizo.

Kisha angalieni nani anaongea. Muuguzi akichukua nusu saa kuhimiza dawa, hayo kijana ameshayasikia kliniki. Mpeni dakika 10. Muda unaobaki ni wa vijana: kujichoma insulini shuleni bila kukodolewa macho, lini umwambie mchumba. Kumi hadi 12 wanatosha. Wa miaka 12 asikae na wa miaka 22. Mdogo atanyamaza na mkubwa atameza yake.

Tuchanganye kisukari, selimundu na kifafa? (Muuguzi, Ngaramtoni)

Kwa mambo ya shule, kazi, uchumba na wazazi wanaochunga kupita kiasi, changanyeni. Ya dawa yatengeni. Vijana wenye VVU sisi tungewaacha kwenye kikundi cha CTC yao (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), kwa sababu kwenye mchanganyiko kila mtu huulizwa anaumwa nini.

Wenye selimundu msiwakalishe nje asubuhi za Juni na Julai. Baridi na upungufu wa maji mwilini huamsha maumivu. Watafutieni chumba, na maji ya kunywa yawepo tangu wanapofika.

Binti mwenye kisukari alianza kutetemeka na kutoka jasho kikaoni. Tulimpa biskuti. Tulifanya sawa? (Mlezi rika, Sakina, Arusha)

Biskuti inachelewa. Mpimeni sukari ya damu, ikiwa chini ya 3.9 kwa mashine za mmol/L (au 70 kwa mashine za mg/dL), apate gramu 15 za sukari: vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye nusu glasi ya maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Kama hakuna mashine, msisubiri, mpeni. Baada ya dakika 15 pimeni tena. Bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale mkate au ndizi. Akizimia, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Chanzo mara nyingi ni ratiba yenu: amejichoma insulini saa 1 asubuhi, daladala ikachelewa, na chai mmeiweka saa 5. Chai itangulie kikao.

Kundi la WhatsApp liitweje? (Mratibu, Himo)

Jina lolote lisilotaja ugonjwa, kwa kuwa simu nyingi za nyumbani hushikwa na watu wawili watatu. Kumbukeni pia kwamba kila mwanakundi anaona namba za wenzake, hivyo ulizeni kila mmoja kabla ya kumwingiza.

Kijana ameniambia hataki kuishi, akaniapisha nisiseme. Nifanyeje? (Mlezi rika, Moshi)

Sema, leo. Mwambie yeye kwanza: "Hili siwezi kulibeba peke yangu, twende wote." Muulize waziwazi kama ana mpango wa kujiua; kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake hadi afike kwa mtoa huduma. Insulini na vidonge vyake ashike mtu mzima anayeaminika nyumbani, ampe dozi kwa dozi. Msimnyang'anye dawa zote, maana kisukari au kifafa nacho kitamuua.

Mratibu, kiapo cha namna hii huzuiwa siku ya kwanza: kila kijana aambiwe kwamba siri inatunzwa isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Na mlezi rika asipewe zaidi ya vijana watano, awe na mtoa huduma mmoja wa kumpigia saa yoyote, na baada ya tukio kama hili akae naye kesho yake, si kikao kijacho.