Usisugue sola kama sufuria

Nimekuwa fundi wa sola huku Kisumu miaka tisa sasa na kitu kinaniuma sana ni kupanda kwa paa la mtu nipate paneli nzuri imekwaruzwa na mwenyewe, ati anaisafisha.

Juzi mama mmoja wa Ahero alinipigia. "Fundi, betri haijai na sola nimeiosha mpaka inang'aa." Nikaenda. Paneli mbili, aina moja, zilinunuliwa siku moja, moja iko chini juu ya jikoni anaifikia, ingine iko juu ya nyumba kubwa haifikiki. Ile ya chini nikiiangalia kwa upande naona mikwaruzo ya duara kila mahali, nyeupe nyeupe kama maziwa yamekauka. Alikuwa anatumia ile chuma ya kusugua sufuria na mchanga kidogo, kila Jumamosi. Nikatoa mita, saa sita jua limewaka kabisa: ya juu na vumbi yake yote ampea 5.7, ya chini 5.3. Betri ilikuwa imezeeka pia, hio ni kweli, lakini chafu ilikuwa imeshinda safi. Akaniuliza polepole, "Kumbe nimekuwa nikiiumiza, mwanangu?"

Sasa sikiza vile iko. Kioo tupu kinarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. Ndio maana paneli nyingi za siku hizi zimepakwa utando wa silika, ile madini ya mchanga, wenye vitundu vidogo sana, unene wake nanomita mia na kitu hivi, yaani unywele wako umeushinda mara mia kadhaa. Ushaona mafuta ya pikipiki yakimwagika kwa dimbwi pale steji ya boda, vile yanatoa rangi rangi? Ni kazi ileile. Mwanga mwingine unaruka kutoka juu ya utando, mwingine kutoka chini yake, na unene ukiwa sawa hizo mbili zinakutana zinauana, basi mwanga badala ya kurudi unaingia ndani. Jambo lenyewe ni la zamani, 1886 mwanasayansi Lord Rayleigh huko Uingereza aliona kioo kilichozeeka na kufifia kinapitisha mwanga zaidi ya kipya. Ile rangi ya bluu ya seli, vile vipande vya silikoni vya ndani vinavyotoa umeme, ni utando mwingine unaitwa silikoni naitraidi, bila huo utando silikoni tupu inarudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga, lakini iko chini ya kioo mkono haufiki. Ule wa juu ndio tunaumaliza na mchanga.

Kwa hivyo osha asubuhi mapema kioo kikiwa baridi, ukimwagia maji baridi saa saba kinaweza kupasuka. Maji ya mvua ndio mazuri, wa Nakuru wenye visima vya chumvi hakikisheni mmepangusa kabla yakauke. Kitambaa laini ama sponji, basi. Wale wadudu wa ziwa wakigandana usikwangue, loweka na kitambaa kilicholowa robo saa, watatoka wenyewe.

Wenye zile sola za kahawia zenye mistari myembamba, yenu ni filamu ya silikoni isiyofika hata maikromita moja, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu, imepakwa ndani ya kioo chenyewe, kioo kikipasuka na filamu imekatika hapo, usidanganywe ati ile gundi ya silikoni ya dirisha itaponya. Na mimi ya kwanza kununua ilikuwa hio. Dukani ilisoma vizuri sana, baada ya miezi miwili imeshuka, nikarudi muuzaji akanifukuza. Hakuniambia kitu ambacho watafiti Staebler na Wronski walishaeleza tangu 1977, kwamba hio silikoni ikipigwa na jua mwanzoni inapungua nguvu halafu inatulia. Kwa hivyo ukinunua, uliza kama hizo wati zimeandikwa ni za siku ya kwanza ama za baada ya kutulia, na jibu aliandike kwa risiti.