Usiulize Karavani Ilitoka Nchi Gani, Fungua Kabati la Chini ya Sinki

Wiki mbili zilizopita dada mmoja anayeishi Texas na familia yake aliniandikia ujumbe mrefu. Yeye na mumewe wamedunduliza kwa miaka mitatu ili wanunue karavani ya kukokotwa, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, ile ambayo Wamarekani huiita RV, wapate kuwatembeza watoto wakati wa likizo bila kulipia hoteli kila usiku. Muuzaji amewaonyesha moja iliyowapendeza, akawahakikishia kwamba imetengenezwa Marekani, kwamba hata tairi zake ni za Marekani, na kwamba hawatasumbuliwa na mali ya Mchina. “Kaka,” dada huyo aliniuliza, “wewe ulifanya kazi kwenye viwanda hivyo. Tukichukua hiyo ya Kimarekani tutakuwa salama?”

Jibu langu ni hapana, na nadhani wengi wenu mnaoweka akiba kwa ajili ya ndoto kama hiyo mnahitaji kulisikia pamoja na sababu zake.

Karibu karavani zote zinazouzwa Marekani zinaundwa humuhumu Marekani, na sehemu kubwa kati ya hizo hutoka kaskazini mwa jimbo la Indiana, katika kaunti ya Elkhart na maeneo yanayoizunguka. Wenyeji hupaita makao makuu ya karavani duniani, na lipo hata jumba la makumbusho la shughuli hiyo. Kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hii, Thor Industries na Forest River, zina viwanda hapo. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia kwamba karavani yake imetengenezwa Marekani hajakupa neno lolote la kutenganisha nzuri na mbovu, kwa sababu nzuri na mbovu zimetoka kwenye barabara moja, na mara nyingine zimetoka mikononi mwa watu walewale, moja ikiwa imeundwa Jumanne asubuhi na nyingine Ijumaa watu wakiwa wanatazama saa.

Ninaandika nikiwa na uchungu kidogo, na sioni sababu ya kuuficha. Kabla ya kuja huku nilikuwa seremala Keko, Dar es Salaam. Mama mmoja aliniagiza kabati la mninga la milango mitatu, nikalifanyia kazi kwa wiki tatu, nikapiga msasa mpaka likawa laini kama kigae. Alipokuja kulichukua alilipapasa, akalisifu, kisha akasema, “Mwanangu, kazi yako ni nzuri, lakini nimepata la nje pale Kariakoo, lina na kioo.” Hilo la nje lilikuwa la maranda yaliyogandishwa kwa gundi na kubandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Masika ya kwanza miguu yake ilivimba na mlango mmoja ukakataa kufunga, naye akanirudia niukarabati. Niliukarabati. Lakini maneno yale mawili, “la nje”, sikuyasahau, kwa sababu yalinionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na mninga mkononi na bado akaamini zaidi mahali kitu kilikotoka kuliko kile anachokigusa kwa vidole vyake mwenyewe.

Niliajiriwa Indiana mwaka 2021, wakati watu waliokuwa wakiogopa ndege na hoteli kwa sababu ya korona walikuwa wakinunua karavani kama maji. Mwaka ule viwanda vyote kwa jumla, si vya Indiana tu, vilitoa karavani zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa. Ukijua kushika drili ulikuwa umeshapata kazi. Malipo katika viwanda vingi vya huko huhesabiwa kwa idadi ya karavani zinazokamilika, na kikosi kikimaliza idadi yake ya siku kinaruhusiwa kuondoka. Sisi tulianza saa kumi na moja alfajiri, na siku zilizokwenda vizuri tulikuwa nje ya geti saa saba mchana. Utaratibu huo una utamu wake, nami nilifurahi kuwahi nyumbani, lakini tafakari unachomfundisha fundi: kila dakika anayotumia kutazama kazi yake mara ya pili ni dakika anayowanyang’anya wenzake kumi na wawili.

Fundi aliyenifundisha kuziba paa alikuwa mzee wa Kiamishi, mmoja wa watu wa dini ambao hawamiliki magari na bado wanajenga nyumba za kukokotwa na magari. Alikuwa analipangusa paa kwa kitambaa kwanza, anasubiri likauke, kisha anamimina dawa ya kuzibia kuzunguka kila tundu la hewa mpaka kila kichwa cha skrubu kimefunikwa. Alipomaliza alipitisha kidole juu yake na kuhesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na sita. Skrubu moja iliyoachwa wazi, aliniambia, inatosha kuozesha paa zima. Sikuwahi kumwona akiruka hesabu hiyo, hata siku ambazo wenzetu walikuwa wanamfokea kutoka chini.

Nilipohamishiwa upande wa madirisha mambo yalikuwa tofauti. Siku moja nilikuta tundu la dirisha limekatwa kubwa kupita kiasi, hivyo ukingo wa fremu ulishika ukuta kwa upana usiozidi ukucha wa kidole kidogo. Nilimwita kiongozi wa kikosi. Alitazama, akasema mkaguzi ataliona mwishoni, akaniamuru niongeze dawa ya kuzibia na nisonge mbele. Mkaguzi alikuwa mtu mmoja mwenye orodha ndefu na dakika chache, na dirisha lililozibwa vizuri kwa nje halina dalili yoyote ya kumshtua mtu mwenye haraka. Miezi mitatu baadaye karavani ile ilirudishwa na muuzaji, ukuta umefura kama andazi chini ya dirisha lilelile. Kiongozi aliniita mbele ya kikosi kizima na kusema kwamba hiyo ndiyo kazi ya watu wanaotoka nchi zisizo na viwango. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na watoto wa kulisha. Bado maneno hayo yananiuma, na yananiuma zaidi nikikumbuka kwamba tundu lile lilikatwa na kijana aliyezaliwa kilomita chache kutoka kiwandani, ambaye naye hakuwa mzembe, bali alikuwa amebadilishiwa kipimo bila kuelezwa.

Ukibandua ukuta wa karavani hiyo inayosifiwa kwa Umarekani wake, ndani mara nyingi utakuta plaiwudi nyembamba ya lauani, mbao ya misitu ya joto inayotoka Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Indonesia. Friji na kiyoyozi huenda ni vya Dometic, kampuni ya Uswidi. Thor yenyewe ilinunua kampuni ya Kijerumani ya Erwin Hymer mwaka 2019, na sikuwahi kumsikia mnunuzi akilalamika kuhusu hilo, kwa sababu Mjerumani ana jina zuri na Mchina hana. Hivyo ndivyo tunavyopima vitu, hata sisi Waswahili tunaosema “hii orijino” kabla hatujakigeuza kitu tukaona mgongo wake.

Kuhusu tairi, ni kweli kwamba wenye karavani hapa wana jina la kejeli kwa tairi za trela zinazotoka China: huziita mabomu ya Kichina. Baadhi yake zilikuwa hafifu, siwezi kuzitetea. Lakini tairi nyingi za trela zilikuwa zimepimwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, yaani takribani kilomita 105, na nimewaona kwa macho yangu watu wakizikimbiza zaidi ya hapo zikiwa na upepo mdogo na mzigo uliofika ukingoni mwa uwezo wake. Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani ya Goodyear iliitisha zirudishwe tairi zaidi ya 173,000 za aina ya G159, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2003 na kufungwa kwenye karavani zenye injini, baada ya miaka mingi ya kesi na uchunguzi wa mamlaka ya usalama barabarani. Kampuni ilishikilia kwamba hatari inatokana na upepo mdogo na uzito uliozidi, utetezi ambao tairi ya Kichina haikuwahi kupewa na mtu yeyote niliyekaa naye mezani.

Wengine wenu mtakumbuka trela ambazo serikali ya Marekani iliwapa watu waliopoteza makazi kwa kimbunga Katrina mwaka 2005. Watu walianza kulalamika kwamba macho yanawawasha na pumzi zinabana, na vipimo vya serikali vilivyotangazwa mwaka 2008 vilionyesha hewa ya ndani ikiwa na kiwango kikubwa cha formaldihaidi, kemikali inayotoka kwenye gundi za mbao zilizogandamizwa. Trela zile ziliundwa na kampuni za Marekani. Mwaka 2010 Rais Obama alitia saini sheria inayoweka vikomo vilevile vya kemikali hiyo kwa mbao za aina hiyo, ziwe zimetengenezwa nchini au zimeagizwa kutoka nje. Naipenda sheria hiyo kwa sababu hiyohiyo: inapima mbao, haiulizi mbao imezaliwa wapi.

Dada yangu, na ninyi nyote mnaofikiria kununua, nawaomba mkague wenyewe. Karibu na mlango mtaona stika ya RVIA, chama cha watengenezaji. Hiyo inamaanisha kwamba mtengenezaji ameahidi kufuata viwango vya usalama wa umeme, gesi, mabomba na moto, na wakaguzi wa chama huingia viwandani bila taarifa, jambo ambalo ni jema. Haimaanishi kwamba mtu alihesabu skrubu za paa lako. Panda ngazi ukazihesabu. Bonyeza ukuta kwa dole gumba chini ya kila dirisha na kwenye kila pembe, na ukisikia unabonyea kama mkate, ondoka hata kama muuzaji anapunguza bei. Mwambie awashe pampu ya maji, funga mabomba yote, kisha kaa kimya kwa dakika kumi. Pampu ikianza kunguruma yenyewe, maji yanatoka mahali ambapo hujapaona. Kwenye ubavu wa tairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi iliyokaa juani miaka sita imezeeka hata kama haijatembea, iwe ya Ohio, Marekani, au ya Shandong, China.

Zaidi ya yote kagua kabla ya kutia saini, wala usikubali kuambiwa kwamba kasoro zitarekebishwa baadaye chini ya gwaranti. Sheria ya Indiana ya kumlinda mnunuzi wa gari bovu haigusi karavani, na katika majimbo mengine ulinzi hutofautiana sana, kwa hiyo ukishalipa unaweza kusubiri miezi mizima karavani ikiwa imeegeshwa uani kwa muuzaji huku watoto wamemaliza likizo. Mwombe akuruhusu ulale ndani usiku mmoja palepale kwenye uwanja wake. Akikataa, umeshapata jibu. Watu wetu wana aibu ya kumkagulia mwenye duka mbele ya macho yake, wanaona kama ni kumvunjia heshima, lakini fundi aliyefanya kazi vizuri hachukizwi na tochi. Mimi nilitamani mama yule wa Keko aje na tochi.

Mwaka 2023 utengenezaji ulipoporomoka hadi karibu nusu ya ule wa 2021, nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Tangu hapo naishi kwa kukagua na kutengeneza karavani za watu, na mwezi uliopita niliwaokoa wanandoa wa Kikongo wa hapa jirani wasinunue moja ambayo sakafu yake ilikuwa imeoza kutoka bafuni hadi mlangoni. Nilijivunia siku hiyo, sitakataa.

Lakini kazi hiyo naianzia mahali pamoja kila mara, nami nitasema kwa nini. Kwa wiki moja pale kiwandani niliazimwa kwenye kikosi cha mabomba. Siku ya mwisho, nikiwa nimelala chali ndani ya kabati la sinki, nilibana pete ya shaba kwenye kiungo cha bomba la plastiki, nikaona imekaa upande, nusu yake imeshika na nusu imeinuka. Kuikata na kubana nyingine kungechukua dakika nne. Wenzangu walikuwa wameshavaa makoti. Niliigusa kwa kidole, haikucheza, nikafunga mlango wa kabati na kutoka.

Sijui karavani ile ilikwenda jimbo gani. Dada, Jumamosi ukifika kwa muuzaji, anza na kabati lile. Lala chali, umulike kila pete, na iliyokaa upande mwonyeshe kabla hujakaa mezani kwake.