Re: Kichaka kimoja kina maua ya zambarau na meupe, na majani yanageuka njano

Hujauziwa miche miwili ndugu, huo ni mmea mmoja tu, na kwa ulivyoueleza ni Brunfelsia, asili yake Brazili. Chagua ua lililofunguka leo, funga uzi kwenye kikonyo chake halafu lichungulie kila siku, utaona linaanza zambarau iliyokolea, linapauka, mwisho linakuwa jeupe kabisa, ni kama siku tatu hivi. Ndo maana kichaka kimoja kina rangi zote, aisee kinapendeza sana kikiwa kimejaa.

Sasa hayo majani, yaangalie kwa karibu. Kama mishipa imebaki kijani ila katikati ya mishipa ndo pamekuwa njano, hasa majani machanga ya juu, hapo mmea unakosa madini ya chuma, mara nyingi ni kwa sababu udongo una chokaa nyingi na huu mmea unapenda wenye asidi kidogo, kwa hiyo kama unaweka majivu acha kabisa, yanapunguza hiyo asidi, ongeza mboji na uupe mbolea yenye chuma. Kama ni jani zima limekuwa njano, tena la chini, na udongo umelowa muda wote, basi maji yanatuama.

Uuweke palipo na jua la asubuhi, mchana kivuli. Kupogoa subiri maua yaishe.

Na tafadhali kama una mbwa kuwa makini sana, mmea huu ni sumu kwao, matunda na mbegu ndo hatari zaidi, wanatetemeka hadi wanapata degedege, hayo matunda yaokote mapema.