Kabla Sampuli Hazijavuka Mpaka

Vijana wanaomaliza masomo ya biolojia au tiba hapa Bukavu huniuliza ni mashine gani wajifunze kuitumia ili wapokewe katika utafiti wa epijenomu, nami huwaelekeza kwanza kwenye daftari la muuguzi.

Epijenomu ni jumla ya alama za kikemikali zilizo juu ya DNA na juu ya protini za histoni ambazo DNA hujizungushia. Alama hizo hazibadilishi maandishi ya jeni, bali huchangia kuamua ni jeni ipi isomwe na ipi inyamazishwe. Seli ya ini ina alama zake, na seli ya damu zake, ndiyo maana kazi hii huhitaji maabara nyingi: mradi wa Marekani uliochapisha epijenomu 111 za rejea mwaka wa 2015 ulikuwa wa vikundi vingi. Kwetu, utafiti wa mwaka wa 2012 uliohusu akina mama 25 wa mashariki mwa Kongo na watoto wao wachanga ulionyesha uhusiano kati ya mateso ya mama mjamzito na alama za methili (mojawapo ya alama hizo za kikemikali) kwenye NR3C1, jeni inayohusika na jinsi mwili unavyokabili msongo, ya mtoto.

Katika mradi wangu wa kwanza, wenzetu wa ng'ambo walituandikia kwa furaha kwamba wagonjwa wetu walitofautiana na wenye afya katika mamia ya sehemu za DNA. Nilifungua daftari ambamo muuguzi wetu, mama mwangalifu sana, alikuwa ameandika joto la mwili la kila mtu siku ya kutolewa damu, nikakuta kwamba wagonjwa wengi walikuwa na homa. Maambukizi hubadilisha uwiano wa aina za chembe nyeupe, na kila aina ina alama zake. Tulipouingiza uwiano huo katika hesabu, sehemu kubwa ya tofauti ilitoweka. Tulihuzunika, lakini kile kidogo kilichobaki tuliweza kukitetea mbele ya yeyote.

Jifunze takwimu na R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, kwa kuwa asiyechambua data hubaki mkusanya damu tu. Changanya sampuli za wagonjwa na za wenye afya katika kila sahani ya kupimia, ili tofauti kati ya sahani na sahani isidhaniwe kuwa ya ugonjwa. Na kabla sampuli hazijavuka mpaka, mwandikiane ni nani atachambua, data itakaa wapi, na majina ya nani yatatokea kwenye makala. Mimi niliamini ahadi ya mdomo, na jina la muuguzi yule halikuchapishwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Maelezo ya ridhaa tunayaandika kwa Kiswahili na kwa Kimashi, lugha ya wenyeji wa hapa. Mama mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, aliniuliza kama damu yake ingerudi na jibu, na tangu siku hiyo safari ya kurudi mtaani kueleza matokeo huwa naiweka kwenye bajeti, kabla hata ya vitendanishi, yaani kemikali za maabara.