TV mpya: ngoja picha zifike kwanza

Kila aina mpya ya TV ikiingia madukani, ndugu na majirani hunipigia simu: ninunue au ningoje? Jibu langu ni lilelile. Inunue pale vipindi vyake vinapokuwa vimeshafika sebuleni kwako. Kufika dukani peke yake hakutoshi.

Mwanzoni mwa 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dodoma, wengi waliamini TV za chogo zimekwisha kazi, wakaziuza kwa bei ya kutupa. Baba yangu mdogo, anayekaa mtaa wa Nkuhungu, alinunua king'amuzi tu. Akachomeka zile waya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, akaendelea na taarifa yake ya habari kwa miaka. Alipokuja kuchukua flati skrini, bei zilikuwa zimeshuka na hakuna alichokosa. TV za 3D nazo zilivuma kuanzia 2010, watu wakanunua na miwani yake. Kufikia 2017 LG na Sony nao wakaachana nazo.

Sasa hivi habari ya mjini ni 4K, yaani picha ya nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD (1920 kwa 1080). Tatizo ni kwamba mengi tunayotazama kwa king'amuzi hayajafika huko. 4K huja zaidi kwa intaneti. Netflix wanashauri kasi ya Mbps 15, na saa moja inaweza kumeza GB 7. Una intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo? Chukua 4K leo, wala usisite. Unategemea bando la simu? Full HD nzuri itakufaa. Tena pima unapokaa: kwa inchi 43, ukishavuka mita mbili hivi kutoka kwenye kioo, jicho la kawaida halioni tofauti kati ya hizo mbili. Ya 8K, yenye nukta nyingi kuliko 4K, iache kabisa, karibu hakuna cha kutazama.

Kabla hata ya kutoa hela, hakikisha ya zamani imekufa kweli. Sauti ipo lakini kioo ni giza? Zima taa usiku, washa tochi ya simu, imulike karibu kabisa na kioo. Ukiona picha kwa mbali, watu wanatembea gizani, kioo ni kizima. Kilichokufa mara nyingi ni taa za nyuma. Fundi atabadilisha kwa sehemu ndogo tu ya bei ya TV mpya. Inaniuma sana kuona TV kama hizo zikiuzwa kwa kilo.

Ukienda dukani, usiikubali ile video ya maua na kasuku wanayoweka. Hiyo imetengenezwa ili kila TV ipendeze. Omba wachomeke king'amuzi na kuweka mpira. Angalia mpira ukipigwa mrefu: unaacha mkia kwenye nyasi? Majina mgongoni mwa wachezaji yanasomeka wakikimbia? Kisha geuza boksi usome idadi ya nukta. Inchi 32 nyingi ni 1366 kwa 768, hata kama muuzaji anasema "inakubali 4K".

Usinunue kwa sababu ya usmati, yaani programu za intaneti zilizomo ndani ya TV. Programu huzeeka kabla ya kioo: 2015 YouTube iliacha kufanya kazi kwenye TV nyingi za 2012 kurudi nyuma, wakati vioo vyake vilikuwa vizima. Kisanduku cha pembeni cha programu hizo unaweza kukibadilisha, kioo huwezi.

AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Uganda, na najua wengi mtataka kioo kipya. Nendeni miezi kadhaa kabla, muda ambao muuzaji bado anapatana bei na TV ina nafasi ya kuonyesha kasoro ikiwa bado ndani ya waranti. Mkinunulia Kariakoo, waranti hiyo itawadai kurudi Dar, kwa hiyo iwasheni palepale dukani, na njiani isafirini ikiwa imesimama, isilazwe.